Feivel Aliyeandika Ahadi za Watu

Watu wengi wa Oak Park, kitongoji cha Detroit, walimjua Feivel Ostrinsky kwa mwandiko kabla ya kumjua kwa sura. Bango la duka la mikate, la fundi viatu, la yule mama aliyeuza samaki wa chumvi barabara ya Maili Tisa, yote aliyachora yeye. Herufi zake zilikuwa na vitambi kidogo, kama watu waliokwisha kula na sasa wanapumzika. Ukiiona moja tu unajua imetoka kwa nani.

Mimi nilikuwa fundi vioo, na kwa miaka ishirini na saba nilimtilia vioo na fremu hati za ndoa alizowaandikia watu. Ndiyo maana nayajua haya ninayoyaeleza. Majina ya wachumba wawili wa kisa hiki nimeyabadili, kwa sababu wameniruhusu niandike kwa sharti hilo. La Feivel ni lake mwenyewe.

Alizaliwa Detroit mwaka 1931, juu ya duka la mikate katika mtaa wa Kumi na Mbili. Baba yake, Yankl, alikuwa mshona makoti na mtu wa chama cha wafanyakazi. Siku ya mfungo mkuu wa Kiyahudi alikuwa akila soseji dirishani ili majirani wamwone. Mama yake, Bashe, alifunga siku hiyohiyo katika chumba cha nyuma. Feivel alikua akipita katikati ya vyumba hivyo viwili, na aliniambia hakuwahi kuwasikia wakigombana juu ya Mungu. Waligombana juu ya dirisha, lifunguliwe au lifungwe.

Alipokuwa mtu mzima alioa, akapata binti mmoja, akafiwa na mkewe mapema. Halafu akajiunga na jumuiya yetu. Sisi ni Wayahudi tusiomwomba yeyote. Ijumaa tunawasha mishumaa, tunaimba, tunakata mkate, tunawataja wafu wetu kwa majina. Ila tumekubaliana tangu mwanzo kwamba mtu asitamke asichokiamini. Jambo hilo linaonekana rahisi mpaka ujaribu kulifanya kwa wiki nzima.

Kwa hiyo hata ndoa zetu hazina maneno ya kurithi. Hati ya zamani, ile ya babu zetu, ilisema mume atampa mke nini na akimwacha atamlipa nini. Kwetu wawili wanakaa na kutunga ahadi zao wenyewe, kisha wanampelekea Feivel aziandike kwa wino kwenye karatasi nzito ya pamba. Wengine walileta mashairi. Mmoja alileta orodha ya nani ataosha vyombo, na Feivel akaiandika kwa heshima ileile.

Lakini alikuwa na utaratibu wake. Mwaka 1979 ndoa moja ambayo hati yake aliipamba kwa dhahabu ilivunjika miezi minne baada ya harusi. Bibi harusi akamrudishia hati, akamwambia, "Sentensi ya nne sikuwahi kuikubali. Niliogopa kusema mbele yake." Tangu hapo Feivel hakushika kalamu kabla ya kumsikiliza kila mmoja peke yake. Unakuja kwake, unapewa chai katika glasi, unasoma maneno yenu kwa sauti, naye anauliza kila mwisho wa sentensi, "Hii ni kweli, au ni nzuri tu?" Na kabla hujaanza anakuambia kwamba lolote utakalosema halitoki katika chumba kile.

Watu walimwamini. Walimwambia mambo ambayo rabi wetu hakuambiwa.

Mwezi wa tano mwaka 2003 walimjia Rochelle na Alvin. Rochelle alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye miaka arobaini na minne. Alikuwa ameachika zamani na alikuwa na ulimi usiosubiri zamu. Alvin alikuwa fundi wa kusawazisha sauti za piano, mtu mpole mwenye mabega yaliyoinama. Walikuwa pamoja mwaka wa pili, na harusi yao, wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, ndiyo ilikuwa pekee kwetu majira yale. Hati yao ilikuwa na sentensi saba. Ya tatu ilitungwa na Rochelle: *Sitakuficha jambo lolote linalougusa mwili wako.*

Rochelle alikuja kwanza. Alipofika sentensi hiyo hakungoja kuulizwa.

"Hii ni kweli," alisema. "Nyingine sita unaweza kuzichezea upendavyo, mzee. Hii usiiguse."

Siku mbili baadaye akaja Alvin. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaruka mpaka ya nne.

"Umeacha moja," Feivel akasema.

"Ni ndefu. Nilifikiri labda tuipunguze."

"Ina maneno sita, bwana Alvin."

Alvin akazungusha glasi yake. Kisha akamwambia. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa na ule ugonjwa wa malengelenge ya sehemu za siri, usioua wala usiopona, unaolala mwilini na kuamka unapotaka. Alimeza vidonge kila siku. Siku alizohisi unaamka alisingizia mgongo, akalala kwake. Hakuwa amemwambia Rochelle.

"Miaka miwili?" Feivel akauliza.

"Mwezi wa kwanza nilisema nitamwambia tukizoeana. Tulipozoeana ikawa nimeshachelewa. Ukichelewa kidogo unaona aibu, na aibu inakuchelewesha zaidi. Wewe hujui ilivyo."

"Najua kidogo," Feivel akamjibu. "Lakini siwezi kuandika sentensi hii na wewe umekaa hivyo. Na siwezi kuiacha, kwa sababu yeye ndiye aliyeileta. Nakupa wiki mbili. Mwambie. Usipomwambia, nitawaambia nyote wawili kwamba siandiki hati hii, na sababu sitaitoa."

Hapo alitenda sawasawa, mimi nadhani. Rochelle alikuwa akilala na mtu bila kujua anajitia katika nini, na harusi ilikuwa inakaribia. Angeweza kukubali, angeweza kukataa, angeweza kusema wajikinge. Hakuwa na nafasi ya kuchagua lolote, kwa sababu hakujua kwamba kuna la kuchagua. Feivel aliliona hilo, na lilimnyima usingizi. Upande wa pili kulikuwa na ahadi yake kwa Alvin.

Siku ya tisa alishindwa kuvumilia. Katika dini ya mama yake angekwenda kwa rabi, rabi angefungua kitabu, kitabu kingetoa jibu. Kwetu kitabu kinasomwa kama barua ya wazee: unakiheshimu, kisha unafikiri mwenyewe. Rabi wetu Sylvia alikuwa amesafiri kwa dadake. Basi Feivel akamwendea Mort Feigelson, mwenyekiti wa kamati yetu ya maadili, mstaafu wa duka la dawa aliyeweza kugeuza hata homa yako kuwa kichekesho.

"Sitaji jina," Feivel alimwambia. "Mtu ana siri ya mwili, anakaribia kuoa, mwenzake hajui. Mtu wa tatu anajua na ameahidi kunyamaza. Afanye nini?"

Mort akapiga meza kwa kidole. "Swali hili ni zuri mno kwa kamati ya watu watano. Tuliweke Ijumaa, watu wote wapate kulijadili."

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa la watu kama sisi. Kwetu mjadala ni kama maombi kwa wengine. Ukiwa na jambo zito unaliweka mezani, kila mtu anasema, na unaamini ukweli utatokea. Feivel aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Akafikiri, Alvin atakuwapo, atasikia hoja, atapata ujasiri. Na Ijumaa zote za mjadala ni yeye aliyechora tangazo la mlango wa ukumbi wetu. Akaenda nyumbani, akachukua karatasi, akachora swali hilo kwa wino wa buluu, herufi zake zile zenye vitambi, akalibandika mlangoni siku ya Jumatano. *Anayejua siri ya mwili wa mtu anayekaribia kuoa, anyamaze?* Jina halikuwamo. Akaona amelinda ahadi yake.

Hakufikiri kwamba kila aliyepita pale alijua mwandiko ni wa nani, alijua wachumba humwambia nani mambo yao, na alijua majira yale kuna harusi moja tu.

Ijumaa tulikuwa watu kama sitini. Jua lilikuwa bado liko madirishani. Tukaimba, tukawasha mishumaa, tukagawana mkate wa kusukwa, kisha Mort akasimama.

"Kabla hatujaanza," akasema, "kama siri yenyewe ni kukoroma, bwana harusi amwambie mapema. Mke wangu aligundua usiku wa kwanza, na mpaka leo ananidai usingizi."

"Anakudai na mengine," mkewe akajibu kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Gitl Sandrow, mwenye miaka themanini na sita, akaomba kusema. "Mama yangu alikuwa na orodha," alisema. "Siku za kulala na mumewe, siku za kutolala, bafu la kwenda kuoga baadaye, mwanamke wa kumkagua kucha. Kila kitu kiliandikwa. Mimi niliitupa ile orodha nikiwa na miaka ishirini, na sijaijutia. Lakini msidhani tulipoitupa kazi iliisha. Sasa kazi ni kuulizana, na kuulizana ni kugumu kuliko kuhesabu siku."

Kijana mmoja mwanasheria akasema siri ya afya ni ya mwenyewe. Mwingine akamjibu kwamba ni ya mwenyewe mpaka pale inapolala kitanda kimoja na mwingine. Hapo Rochelle akasimama. Alikuwa amekaa safu ya pili, Alvin kushoto kwake.

"Mimi ningetaka kujua," alisema. "Na nawaomba msimwite anayeficha mtu mwovu. Anaogopa. Namwonea huruma. Ila woga wake haumpi ruhusa ya kuniamulia. Mwili wangu, anayesema ndiyo ni mimi. Sasa kama nimesema ndiyo bila kujua naikubali nini, nimesema ndiyo kwa kitu gani?"

Watu kadhaa wakatikisa kichwa kukubali. Wengine walikuwa wanatazama viatu vyao. Nilikuwa mmoja wao, nasema hivyo kwa aibu. Nilikuwa nimeshajua tangu Jumatano, kwa kusoma tangazo tu, na sikufanya kitu.

Alvin akanyanyuka. "Naenda kuwasha gari," akasema.

Ilikuwa mwezi wa sita, jua likiwaka, na gari halikuhitaji kuwashwa mapema. Rochelle akamfuata kwa macho mpaka mlango ukajifunga. Kisha akageuka, akalitazama tangazo, akamtafuta Feivel ukutani alikokuwa ameegemea. Feivel akashusha macho. Nilimwona Rochelle akielewa. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, akasimama hivyo. Halafu akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Kesho yake asubuhi alifika kwa Feivel. Mimi nilikuwapo, nimepeleka vioo, na niliposimama kuondoka Rochelle aliniambia, "Kaa tu. Mtu mmoja zaidi hataongeza kitu."

Hakukaa yeye.

"Nisikie vizuri," alimwambia Feivel. "Ameniambia. Tulikaa ndani ya gari mpaka saa tano. Sijaja kuuliza ugonjwa."

"Rochelle, sikutaja jina."

"Hukutaja jina. Umeandika kwa mkono wako, ukabandika mlangoni, siku mbili."

"Nilidhani akisikia watu..."

"Najua ulichodhani. Ulinionea uchungu. Ulitaka nijue. Na mimi nilisimama pale, Feivel, natoa hotuba juu ya mwili wangu mbele ya watu sitini, na nusu yao walikuwa wameshanijua kuliko ninavyojijua. Walikuwa wanatazama viatu vyao." Akanitazama mimi kidogo, kisha akarudi kwake. "Alvin aliniamulia kwa miaka miwili. Wewe ukaniamulia jioni moja. Hakuna aliyeniuliza nataka kusikia wapi na kwa mdomo wa nani."

Feivel hakujitetea. Uso wake ulikuwa na rangi ya karatasi zake. "Nitasimama Ijumaa ijayo," alisema. "Nitaomba msamaha mbele ya wote."

"Usithubutu. Watajadili."

Nilitaka kucheka, na nadhani hata yeye alitaka, lakini haikutokea.

"Nimeshakusikia, na mimi si wa mwisho wa kuombwa msamaha," Rochelle akasema akiwa mlangoni. "Kamwombe Alvin pia. Alikuamini."

Feivel alikwenda Jumatatu. Alvin alikuwa na karakana nyuma ya duka la magodoro, imejaa piano zilizovuliwa vifuniko. Feivel alinisimulia mara moja tu, miezi mingi baadaye, tena kwa maneno machache. Alimkuta amepiga magoti, mkono ndani ya piano.

"Nimekuja kusema nimekukosea."

"Najua ulivyonikosea," Alvin akasema bila kutoa mkono. "Zilibaki siku tatu."

"Ungemwambia?"

Alvin akapiga noti moja, akaisikiliza, akaikaza. "Nilikuwa nimeandika maneno. Nilikuwa nayafanyia mazoezi humu, naiambia piano ya mama mmoja wa Southfield. Labda ningesema. Labda ningekuja kwako siku ya kumi na nne nikakuomba wiki nyingine. Hilo hatutalijua, mzee. Wewe wala mimi. Na Rochelle hatalijua, na ndilo lililokuwa la maana kwake."

Feivel akamwomba msamaha tena. Alvin akamwambia amesikia. Hakumwambia amesamehe, na Feivel hakumlazimisha. Kwetu msamaha hauna siku maalum ya kugawanywa bure.

Harusi ya mwezi wa sita haikufanyika. Rochelle alikwenda kupima. Matokeo ni yake, sikuuliza na sijui. Kwa miezi kadhaa hakuja Ijumaa, na Alvin pia. Watu walisema wameachana, wengine walisema wanaonekana wakitembea pamoja bustanini, mita moja kati yao. Mort Feigelson alijiuzulu uenyekiti wa kamati. Alinunua sanduku la kahawa, akaliacha mlangoni kwa Rochelle bila barua. Ni mara ya pekee ninayoijua ambapo hakutia utani.

Feivel hakuacha kazi, ingawa alifikiria. Alibadili utaratibu. Tangu mwaka ule hakumsikiliza yeyote peke yake. Wawili walikuja pamoja, aliwapa chai, aliwaambia wasomeane sentensi moja moja na waulizane wenyewe kama ni kweli, kisha yeye alitoka nje. Theluji ikiwapo alizoa theluji kwa koleo njia nzima mpaka kwa jirani. Pasipo theluji alikaa kwenye ngazi, mgongo kwa dirisha. Walipomaliza walimgongea kioo. Wengine walitoka kabla hajagongewa, wakaingia kila mmoja kwenye gari lake, na hati haikuandikwa. Hakuuliza kwa nini.

Binti yake alimwambia siku moja, "Baba, utaugua kwa baridi. Kaa jikoni ufunge mlango."

"Mlango wa jikoni ni mwembamba, maneno yanapenya," alimjibu.

Rochelle na Alvin walioana mwezi wa kumi mwaka uliofuata, nyumbani kwa dada wa Rochelle huko Ann Arbor. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Nilialikwa kwa sababu nilikuwa nimetengeneza dirisha la dada huyo, au labda kwa sababu Rochelle alitaka mmoja wa wale waliotazama viatu aone. Sijui. Hati aliiandika Rochelle mwenyewe kwa kalamu ya kawaida, mwandiko wa ubaoni, mistari ikipanda upande wa kulia. Ile sentensi ya mwili ilikuwa ya kwanza, na Alvin ndiye aliyeisoma, polepole, akimtazama. Rochelle aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayehakikisha hesabu, halafu akasema, "Sawa." Wakavunja glasi kama ilivyo desturi yetu ya harusi, tukala kuku na viazi.

Nilirudi Oak Park Jumapili, nikapita kwa Feivel. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka asubuhi, ndiyo maana alifanya kazi baada ya saa sita. Nilimwambia kwamba wameoana. Nilimweleza walivyosoma na tulivyokula. Alisikiliza mpaka mwisho, akisafisha kalamu kwa kitambaa.

"Kuna aliyeniulizia?" akasema.

"Hakuna."

Aliweka kalamu chini. "Vizuri," akasema. "Siku ilikuwa yao." Halafu akanisogezea kiti, akaenda kuweka maji ya chai, na tukazungumza juu ya bei ya vioo mpaka giza lilipoingia.